Mkono Uliopokea Kola

Siku sinema ya Gomtenga ilipofunguliwa tena, Talato hakupanga langoni kola zake, zile kokwa chungu za kutafuna. Alizifunika kwa majani mabichi na gunia lililoloweshwa, akaliegemeza sinia ukutani, akavaa kitenge chake cha sherehe. Alikuwa ameuza kola kwenye lango lile tangu usichana wake, enzi sinema ilipokuwa ukuta mweupe na viti vya chuma chini ya anga tupu, na katika umri wake wote alikuwa ameingia ndani mara moja tu. Leo alikuwa anaingia tena. Alitaka kuuona mkono wa mtu.

Baba yake mkubwa, Mzee Noaga, alimkuta uani akijifunga kilemba.

"Unakwenda wapi?"

"Sinema, Baba."

"Na chakula?"

"Nimeshasonga. Ugali uko chini ya kawa, mchuzi wa bamia uko mekoni."

Mzee hakuondoka. Alikuwa amevaa kanzu yake pana ya kufumwa, fimbo mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ulikuwa umejificha ndani ya kanzu kama ilivyokuwa desturi yake, maana haukuwa na kidole cha shahada. Mashine ya kuchambua pamba ilikitafuna alipokuwa kijana.

"Mke wa mtu haendi kukaa gizani na wanaume," alisema.

"Nakwenda kumtazama mume wangu," Talato akajibu. "Si yumo humo ndani ya picha?"

Mzee alimtazama. Kisha akacheka kidogo, kicheko cha puani, akasema, "Nenda. Hutaona kitu," akatoka kwa lango la mbele. Maneno hayo mawili ya mwisho yalimbaki Talato kichwani. Mtu hasemi hutaona kitu kama hakuna cha kuonwa.

Mambo yenyewe yalianza zaidi ya miaka thelathini nyuma. Watu wa filamu walikuja kutoka mji mkuu, Wagadugu, na gari la mitambo, wakasema wanataka kutengeneza picha ya maisha ya watu wa Gomtenga, na watakaoigiza wawe watu wa Gomtenga wenyewe. Walitaka msichana wa kuwa bibi harusi. Wakamchagua Talato, aliyekuwa hana baba wala mama na analelewa kwa Mzee Noaga. Bwana harusi peke yake ndiye waliyekuja naye, kijana mmoja mwenye meno mazuri aliyekula mayai asubuhi, mchana na jioni. Kwa upande wa familia ya bwana harusi waliwaokota dereva wao, fundi wa taa, na mwalimu mmoja aliyekuwa anapita njia. Kola za posa walizinunua sokoni, nyekundu, kubwa, za bei.

Mkuu wa picha alitaka kila kitu kiwe cha kweli. Akawaambia wazee waseme maneno wanayoyasema siku zote, na wafanye wanavyofanya siku zote. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu wazee wa Gomtenga hawajui kuigiza. Ukiwaletea kola ndani ya ua, ukapiga magoti, ukataja jina la binti, hao wataita wahenga, watajibu, na kola zitapokewa. Watu walifukuzwa nje ya ua ili wasiingie kwenye picha. Ndani walibaki wazee watatu: Mzee Noaga mbele, kwa kuwa ndiye mpokeaji wa kola wa ukoo, na wengine wawili nyuma yake, wakiutazama mgongo wake. Talato naye alikuwepo. Alikuwa amepiga magoti, amefunikwa nguo kichwa kizima, uso umeelekea ardhini, kama bibi harusi anavyotakiwa. Alikuwepo na hakuona. Aliona mchanga, na chungu mdogo aliyebeba kipande cha mtama.

Wiki ile ile watu wa filamu walipoondoka, jamaa za Sayuba walikuja. Sayuba alikuwa mchumba wa Talato, mtoto wa tajiri wa pamba, na walikuwa wamekuja kupanga siku ya kuleta kola. Mzee Noaga aliwapokea vizuri, akawapa maji, akawasikiliza, halafu akashusha pumzi.

"Ndugu zangu, mmechelewa. Kola za huyu zimepokewa mbele ya wahenga. Mimi mwenyewe nilidhani ni mchezo, lakini maneno yalitajwa na kola zililiwa. Sasa ni mke wa watu. Nikimtoa tena, wahenga watatuua sote."

"Basi zirudishwe hizo kola," walisema.

"Zirudishwe kwa nani? Kwa dereva?"

Kila mtu aliona ni kweli. Ndoa huvunjwa kwa kurudisha kola kwa ukoo uliozileta, na ukoo ule haukuwa ukoo, ulikuwa mafundi wa taa. Ndipo Mzee Noaga aliposema kwamba hana mamlaka tena juu ya Talato, lakini yuko Lamusa, binti yake wa kumzaa. Msimu wa mavuno Lamusa akaolewa na Sayuba. Talato ndiye aliyesonga ugali wa harusi.

Tangu siku ile aliishi kwenye ua wa baba yake mkubwa kama mzigo wa mtu aliyesafiri. Alichota maji, alitwanga, alilea watoto wa wake wadogo wa mzee, na jioni aliuza kola. Watoto wa mtaani walimwita Mke wa Sinema. Bango jipya likibandikwa langoni, vijana walimwita, "Mama Talato! Njoo, mumeo kafika, leo kavaa kofia!" Alicheka nao, akawauzia kola, na akawachagulia zile zilizoanza kuoza.

Filamu yenyewe ililetwa Gomtenga mara moja tu. Ndiyo ile siku aliyoingia Talato. Jenereta ilizimika pale jamaa za bwana harusi walipokuwa wanaingia uani, kabla ya kola, na kesho yake gari liliichukua filamu kwenda mji mwingine. Baadaye mwenye sinema alifariki, mbuzi wakahamia kwenye viti, mwarobaini ukaota mbele ya ukuta mweupe.

Talato angeendelea kuamini hadi kufa kwamba ni mke wa mtu, kama si shangazi yake. Msimu wa mvua uliopita shangazi alikuwa mgonjwa, na siku moja Talato akimpangusa miguu alimwambia, "Mwanangu, siku ile mimi nilikuwa mlango wa jiko. Nilimwona kaka yangu anatoka na zile kola. Alikuwa amezishika kwa kushoto. Alizipokea kwa upi, sijui. Sikuona. Lakini alikuwa anatabasamu."

Mkono wa kushoto ni wa kujisafishia. Mtu wa Gomtenga hampi mwenzake hata kibiriti kwa mkono wa kushoto. Kola ikipokewa kwa kushoto ni kama imedondoka chini. Hakuna mhenga aliyeiona. Talato alimaliza kupangusa miguu ya shangazi, akaenda kumwaga maji.

Shangazi alikufa kabla ya mvua kwisha. Wale wazee wengine wawili walikuwa wamekufa zamani, na wale wageni wa filamu hakuna aliyejua walipo. Lilibaki jicho moja tu lililouona mkono ule kwa mbele, nalo lilikuwa la mashine ya kupigia picha.

Kisha wakaja vijana wa kamati ya sinema, wakang'oa mwarobaini, wakaezeka paa, wakafunga feni, wakaweka viti vyenye mito. Wakasema picha ya ufunguzi itakuwa ile ile ya Gomtenga, imetafutwa nchi za nje, imesafishwa. Na ni katika miezi hiyo hiyo Tibo alipopeleka kola kwa Mzee Noaga.

Tibo alikuwa fundi baiskeli, mgane, mtu wa maneno machache. Alikuwa ananunua kola kwa Talato kila jioni na hatafuni kola. Alipeleka mara ya kwanza, zikarudishwa: huyu ni mke wa mtu. Alipeleka mara ya pili, zikarudishwa. Kola zikirudi mara ya tatu, Gomtenga hakuna anayezipeleka tena. Hata akizipeleka, huchekwa. Kwa hiyo Tibo alingoja. Hakumwambia Talato kitu, na Talato hakumuuliza. Walijua wote wawili wanangoja nini.

*

Langoni alimkuta Zerbo, mwendesha mashine, amekaa kwenye ngazi za chumba chake anakula karanga. Zerbo ni Msamo, na Wasamo ni watani wa watu wa Gomtenga, ambao ni Wamosi. Mtani akikutukana unacheka. Akikunyang'anya nyama mdomoni, unacheka. Msibani anaweza kulala kaburini akagoma kutoka mpaka apewe kitoweo, na wafiwa watacheka huku wanalia.

"Kijakazi wangu!" alisema Zerbo. "Nani amekufungua kamba?"

"Mla mbwa, nyamaza. Umemwacha wapi mbwa wa mchana?"

"Kichwa chake nimekuhifadhia wewe." Kisha akashusha sauti, na uso wake ukaacha mchezo. "Talato, sogea. Mzee Noaga amekuja hapa asubuhi. Amezungumza na kamati. Anasema pale pa kola parukwe, eti wewe ni mtu mzima sasa, utafedheheka. Kamati imekubali, kwa heshima ya mzee. Wameniagiza nikifika pale nipeleke picha mbele."

Talato alishika nguzo ya lango. Ilikuwa imepakwa rangi mpya, ikamgandia viganjani.

"Usiruke," alisema.

"Hii ni kazi yangu ya kwanza tangu mbuzi waingie humu. Miaka yote hii nimelima mahindi ya watu. Nikiwaudhi siku ya kwanza, kesho wananitoa."

"Usiruke, Zerbo. Na ukifika pale mkono unapotoka, simamisha. Mashine hii mpya si inasimama?"

"Inasimama."

"Simamisha nione. Sikuombi kingine maisha yangu yote."

Zerbo alitafuna karanga, akatema ganda. "Mnajua kuomba, nyinyi watumwa," alisema, akapanda ngazi. Hakusema ndiyo wala hapana. Chini ya ngazi alipokuwa amekaa Zerbo, Talato aliona kifuko cha ngozi alichokifahamu. Alikuwa amekiona kikipelekwa mara mbili kwenye ua wao, na mara mbili kikirudi. Zerbo alishuka tena, akakichukua bila kumtazama, akapanda nacho.

Ndani watu walikuwa wamejaa, na wengine wamekaa kwenye vijia. Mbele kabisa walikuwa wageni wa Wagadugu, mwakilishi wa chifu na kofia yake nyekundu, na pembeni yake Mzee Noaga. Safu ya nyuma yao alikaa Lamusa na mumewe Sayuba, mnene siku hizi, anajipepea kwa kitambaa. Talato alipata nafasi ya kusimama kwenye ukuta wa pembeni, upande ambao angeuona uso wa baba yake mkubwa.

Taa zilizimwa, na Gomtenga ya zamani ikatokea ukutani. Watu walipiga kelele.

"Yule si marehemu Raogo!"

"Mungu wangu, mama yangu huyo! Mama!"

"Tazameni punda wa kina Sibiri, hata huko ana kiburi!"

Kuna waliolia. Kuna waliosimama kugusa ukuta, wakavutwa na kukalishwa. Talato hakuona marehemu wala punda. Alikuwa anasikia jenereta huko nje, na kila ilipokohoa aligeukia mlango. Ilizimika mara moja, miaka ile. Isizimike. Aliona msichana anayechota maji, mwembamba, akicheka na wenzake, na ilimchukua muda kumjua. Watu waligeuka kumtafuta gizani.

"Mke wa Sinema, ulikuwa mzuri!" mtu alisema, na watu wakacheka.

Bwana harusi alitokea na meno yake. Msichana akafunikwa nguo. Ua ulikuwa ule ule, mtungi ule ule pembeni. Dereva, fundi wa taa na mwalimu waliingia wameinama, wamebeba bakuli la kibuyu. Hapo ndipo jenereta ilipozimika zamani. Sasa haikuzimika. Talato aliona Mzee Noaga akigeuza shingo kutazama kile kitundu cha chumba cha mashine, kule nyuma juu. Alikuwa anangoja kipande kile kirukwe.

Hakikurukwa.

Wageni walipiga magoti. Mwalimu alitaja majina. Mzee Noaga wa ukutani, mwenye ndevu nyeusi, aliita wahenga kwa sauti iliyojaa chumba. Yule wa kitini alisimama, akainua fimbo kuelekea nyuma, akakaa tena, akasimama. "Hapa pametosha!" alisema. Mwakilishi wa chifu alimvuta kanzu: "Mzee, kaa, unatuziba."

Bakuli lilisogezwa mbele. Kanzu pana ya ukutani ilifunguka, na mkono ukatoka.

Picha ikasimama.

Sauti ilikatika, feni tu zikabaki zinasikika. Mkono ulikuwa mkubwa kama mlango wa nyumba, umekunjuliwa juu ya kola nyekundu. Ulikuwa na kidole gumba, kisha pengo, kisha vidole vitatu.

Mwanzoni hakuna aliyeelewa. Watu walidhani mashine imeharibika, wakaanza kupiga miluzi. Talato aliuma ncha ya kitenge ili asipige kelele. Aliutazama ule mkono, akautazama mkono wa kushoto wa mzee, uliokuwa umezama ndani ya kanzu hadi kiwikoni.

Kisha sauti ya Zerbo ikatoka kitunduni.

"Enyi watumwa wa Gomtenga! Mnaona? Nimewasimamishia makusudi, mjitazame! Huyo ndiye mpokeaji wenu wa kola! Mzee mzima, mbele ya wahenga, anapokea kwa mkono wa kuchambia!"

Watu walilipuka kwa kicheko. Utani ni utani.

"Mimi mla mbwa," Zerbo aliendelea, "hata mbwa mwenyewe namla kwa mkono wa kulia! Wageni wa Wagadugu, msiwashangae hawa. Hawakufundwa. Sisi Wasamo tuliwaacha peke yao muda mfupi tu, ona walivyoharibika!"

Watu walipigana mabega kwa kucheka. Hata mwakilishi wa chifu alicheka, lakini halafu alimgeukia Mzee Noaga, akamtazama usoni, akautazama ukuta, na hakucheka tena. Mgeni mmoja wa Wagadugu alimnong'oneza mwenzake. Mzee aliwaona. Angeweza kucheka naye; ndivyo inavyotakiwa. Lakini alikuwa mtu aliyepokea kola za nusu ya mji, na alijivunia kazi hiyo kuliko watoto wake. Shingo ilimtoka mishipa.

"Mla mbwa wewe!" alifoka. "Unanifundisha adabu mimi? Nimeanza kupokea kola baba yako akiwa bado anakimbizana na mbwa! Ule ulikuwa mchezo wa watu wa filamu, na mimi nilijua ni mchezo! Nilitoa kushoto makusudi, wahenga wasije wakaihesabu! Unadhani mimi ni mjinga? Ningetoa kulia, si ingekuwa ndoa ya kweli?"

Kicheko kiliisha kuanzia mbele kwenda nyuma. Safu za mwisho zilikuwa bado zinacheka wakati safu za kwanza zimeshanyamaza.

Talato aliuacha ukuta wa pembeni. Hakujua kwamba anatembea mpaka alipofika mbele, na kivuli chake kikaangukia ule mkono.

"Rudia, Baba," alisema.

Mzee alimwona, na hapo akajua alichokisema. Alikaa. Aliipanga kanzu yake magotini, taratibu.

"Tulikuwa tunataniana na huyu Msamo," alisema. "Maneno ya utani hayana kesi. Kila mtu anajua."

Na ni kweli, kila mtu anajua. Gomtenga huwezi kulibeba neno la utani ukaenda nalo barazani kwa chifu. Talato aliona watu wameanza kutazama chini, na wengine wanatafuta viatu vyao kwa miguu. Neno lilikuwa limetoka na sasa lilikuwa linarudishwa mdomoni, kama kola za Tibo.

"Zerbo ni mtani wako," alisema. "Mimi si mtani wako. Mimi ni mtoto wa mdogo wako. Nimekupikia, nimekufulia, nimekuuguzia wake zako. Sasa mimi ndiye ninayekuuliza, na sitanii. Zile kola zilipokewa, au hazikupokewa?"

Mzee alimgeukia mwakilishi wa chifu.

"Kama zilipokewa, sema hapa kwamba ulipokea kola za mwanao kwa mkono wa kushoto, na wageni wasikie. Kama hazikupokewa, sema."

"Nyumbani," Mzee Noaga alisema kwa sauti ya chini. "Tutazungumza nyumbani."

"Nyumbani nimekaa sana."

Feni ziligeuka. Mtoto mmoja aliuliza kitu, mama yake akamziba mdomo. Talato alijua kwamba mzee akinyamaza hivyo hadi taa ziwashwe, amepona. Watu watakwenda zao, watacheka njiani, na kesho yeye ataamka uani na kuchota maji. Alisimama tu.

Sauti ikatoka safu ya pili. Alikuwa Lamusa.

"Baba," alisema. "Mjibu."

Sayuba alimgeukia mkewe, kitambaa kimesimama hewani. Lamusa hakumtazama mumewe wala Talato. Alikuwa ameukazia macho ule mkono wa ukutani, macho makavu, kama mtu anayepiga hesabu ya maisha yake mwenyewe na haimpendezi.

"Mimi mwanao ndiye niliyenufaika," alisema. "Mjibu, nisikie na mimi."

Mzee Noaga alimgeukia binti yake. Mtu akitukanwa na mtani hucheka, na akidaiwa na mtoto wa ndugu hujibaraguza. Lakini huyu alikuwa wa kumzaa.

"Hazikupokewa," alisema.

"Sauti, Baba."

"Hazikupokewa!"

Hakuna aliyeshangilia. Wanawake fulani nyuma walitoa mguno mmoja, wa chini, mguno wa mtu aliyetua mzigo wa kuni. Talato alidhani angelia siku hii ikifika. Hakulia. Alihisi hasira safi, mpya, kama ameibiwa jana.

Hatua zilisikika ngazini. Zerbo alishuka, akapita katikati ya watu kwa kuwakanyaga na kuwatukana, kifuko cha ngozi mkononi. Safari hii ya tatu Tibo alikuwa amemtuma yeye, asubuhi ile ile, kwa sababu mtani hafukuzwi mlangoni. Walikuwa wamepanga aende kesho yake. Alipiga magoti mbele ya Mzee Noaga, na aliposema hakukuwa na mchezo hata chembe.

"Mzee, nimetumwa na Tibo fundi baiskeli. Anaomba mke kwako. Binti anaitwa Talato. Kola hizi hapa."

Watu wote waliinua shingo. Mzee aliutazama mfuko. Mwakilishi wa chifu naye aliutazama, mikono amefumbata, na hakumsaidia. Kisha fimbo ikalazwa chini, na mkono wa kulia wa Mzee Noaga ukanyooka, polepole, vidole vyote vitano mbele ya macho ya mji mzima, ukapokea.

"Asante, mtumwa wangu," Zerbo alisema, akainuka akipangusa magoti. "Kumbe unaujua."

Hapo ndipo watu walipocheka tena, na kupiga vigelegele, na mlangoni mtu akakimbia kumtafuta Tibo, ambaye alikuwa nje muda wote, ameshika usukani wa baiskeli isiyo yake. Mwenyekiti wa kamati alimfuata Zerbo kwa hasira, akasita, akarudi kukaa.

Talato alimwita Zerbo akiwa ameshafika ngazini.

"Mla mbwa! Picha haijaisha."

Alikaa kwenye kiti cha mbele, kile alichokuwa amekiacha mgeni mmoja. Mto wake ulikuwa laini. Picha ilianza tena kutembea. Ule mkono wa vidole vinne ulizoa kola na kutoweka ndani ya kanzu, na ukutani akabaki msichana amepiga magoti, amefunikwa, uso chini kwenye mchanga. Walimwacha pale kwa muda mrefu. Wageni wa uongo waliaga, wazee walitoka, na msichana bado ameinama, hajui kitu, anangoja kuambiwa.

Talato alimtazama, na hasira yote iliyokuwa haijapata pa kwenda ikaenda kwake.

"Inua kichwa, mjinga wewe," alimwambia kwa sauti, kama watu wote wanavyosema na picha. "Inua kichwa utazame."